Kirungu cha Usukani, kutoka Begani hadi Kiganjani

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyepita njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji aliujua uzito kwa bega. Mzigo wake ulikuwa wa kilo 30 hivi, na bega moja likichoka aliuhamishia la pili. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914, mabega yakapumzika. Usoke ikawa kituo cha treni kati ya Tabora na Urambo. Lakini nje ya reli, kwenye njia za mchanga na mashamba yaliyofyekwa katikati ya miombo, uzito haukuondoka. Ulihamia mikononi mwa dereva.

Kwa aliyejifunzia gari la kisasa, ni vigumu kuufikiria usukani wa zamani. Kabla ya pawa stelingi, dereva alitegemea misuli yake na upana wa duara aliloshika. Ili kumpunguzia kazi, mafundi waliongeza mizunguko: kona moja kali ilitaka usukani uzungushwe mara mbili, mara tatu. Gari likienda taratibu mchangani, ndipo usukani unapokuwa mzito kupita kiasi, na ndipo mkono mmoja unapotakiwa kwenye gia.

Jibu lilikuwa kirungu: kitufe cha mviringo kinachojaa kiganjani, kilichofungwa kwa kibano kwenye ukingo wa usukani na kuzunguka chenyewe juu ya pini yake. Kiganja hakibanduki. Mkono mmoja unapeleka duara zima, na wa pili unabaki huru. Neno usukani tulilitoa chomboni, na nahodha hakushika duara. Alishika kana, ule mti wa kuongozea. Kwangu mimi, kirungu ni kana iliyorudi.

Marekani kilienea miaka ya 1930 na 1940. Vingine vilikuwa vya plastiki angavu na picha ndani, pambo la vijana. Wamarekani walikiita pia kwa jina la Brodie, linalohusishwa na Steve Brodie, aliyedai kuruka kutoka daraja la Brooklyn mwaka 1886 akabaki hai. Jina hilo lilikuwa onyo. Ukishamaliza kona, usukani wa zamani hujirudisha wenyewe kwa kasi. Kirungu nacho kinapita kama rungu kweli, kikigonga kifundo cha mkono au kunasa mkono wa shati. Nauwazia mkono mpana wa kanzu! Mwaka 1951 Chrysler ilipoanza kuuza gari la Imperial lenye pawa stelingi, kwenye magari madogo kirungu kilianza kukosa kazi.

Kwenye trekta hakikukosa. Urambo iliwahi kujazwa mashine kwa ajili ya karanga: mpango wa Waingereza wa mwaka 1947, uliogusa pia Kongwa na Nachingwea, ukaporomoka kufikia 1951. Nyingi za mashine zile za kung'oa miti zilitembea kwa minyororo na kuongozwa kwa wenzo, baadhi zikiwa zimeundwa kutokana na vifaru vya Sherman, kwa hiyo hazikuwa na duara la kufungia kirungu. Karanga zikashindwa, tumbaku ikashika. Nayo tumbaku inataka kuni za mabani ya kuikaushia, na kuni zinataka trela la kuvutwa na trekta la usukani.

Kwenye Massey Ferguson, wenzo wa haidroliki uko upande wa kulia wa kiti. Mkono wa kulia ukiinua plau, wa kushoto ndio unaogeuza trekta mwishoni mwa tuta, na kirungu ndicho kinachouwezesha. Ila shamba lililofyekwa miomboni lina visiki. Gurudumu la mbele likigonga kisiki, usukani usio na pawa unarusha teke, na kidole gumba kilichojikunja ndani ya duara kinaweza kuvunjika. Ndiyo maana madereva wa trekta hufundishwa kuweka gumba juu ya ukingo, kamwe si ndani.

Ninachokipendea kirungu zaidi ni kazi yake nyingine. Mtu asiyetumia miguu, gari lake likifungwa wenzo wa mkono wa breki na mafuta, hubaki na mkono mmoja tu wa usukani. Kirungu humtosha. Mwenye mkono mmoja naye hukata kona kamili bila kuachia, kiganja kikiwa palepale tangu gari lilipoondoka.