Sauti ya Msomaji



Wengi wetu twadhani kusoma kwa hisia ni kutetemesha sauti. Tukifika penye Mateso ya Bwana twalia mimbarini, na watu hututazama sisi badala ya kuutazama msalaba. Wengine nasi twasoma kama karani asomaye hesabu.

Jirani zetu Wasomali wa Garissa wametutangulia katika jambo hili. Lugha yao haikuwa na mwandiko rasmi hata Somalia ilipochagua herufi za Kilatini mwaka 1972. Mashairi ya Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, aliyewapiga vita Waingereza na kufariki mwaka 1920, yalisafiri vinywani mwa watu waliyoyahifadhi moyoni. Desturi ilimtaka mghani amtaje mtunzi, kisha atoe maneno yake bila kuyageuza. Tena sauti ile ile ya herufi hurudi mstari baada ya mstari, hata ukibadili neno sikio lakukamata. Uchungu ulikuwa tayari ndani ya maneno. Mghani aliufikisha tu.

Ndivyo ilivyokuwa katika Nehemia, sura ya 8. Ezra alisoma tangu asubuhi hata adhuhuri, kwa ufasaha, na watu wote wakalia. Hatuambiwi kwamba Ezra alilia.

Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, wauaji waliingia alfajiri katika Chuo Kikuu cha Garissa. Waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi, na baadhi yao walikuwa katika maombi ya asubuhi. Kesho yake, Ijumaa Kuu, ilitupasa kusoma habari za Mateso. Siku zile Wakenya walisihi kwamba wafu wale wasiitwe hesabu, bali watajwe majina.

Basi tukipewa orodha ile tuisome katika ibada ya kumbukumbu, tuipitie kwanza nyumbani. Majina yametoka makabila mengi. Lile tusiloliweza tumwulize mwenye lugha. Mbele ya watu tutaje moja, tuvute pumzi, ndipo tutaje la pili. Sauti ikikatika tunyamaze kidogo, kisha tulirudie jina lile lote tangu mwanzo, maana huenda benchi la nyuma ameketi mama aliyekuja kulisikia hilo moja tu.