Inasoma DVD, Inakataa CD: Historia ya Draivu Iliyobaki Kwenye Kompyuta za Kagongwa

Kompyuta nyingi mpya siku hizi hazina mahali pa kuweka CD. Lakini ukifika Kagongwa, mji wa mashine za mpunga kwenye barabara ya lami kati ya Isaka na Kahama, bado utakuta steshenari zenye kompyuta za mezani za mtumba, CPU kubwa sakafuni, na mbele yake kile kitrei cha kuchomoza. Na bado kuna watu wanaulizia spea yake. Kwa nini mtu atoe hela kubadilisha kifaa ambacho dunia imeshakiacha?

Jibu fupi: diski bado zimejaa makabatini, ila cha kuzisomea ndicho kinachokufa. Jibu refu ni historia. Twende nayo taratibu.

Tundu la mwaka 1976

Angalia uso wa CPU ya zamani. Lile tundu pana la draivu linaitwa la inchi 5.25, ingawa draivu yenyewe ina upana wa karibu sentimita 14.6, na CD ina kipenyo cha sentimita 12 tu. Hiyo 5.25 imetoka wapi?

Imetoka kwenye flopi. Mwaka 1976 kampuni ya Shugart ya Marekani ilitoa draivu ya flopi za inchi 5.25, na watengenezaji wa kompyuta wakatengeneza makasha ya kuipokea. Flopi hizo zikafa, tundu likabaki. CD ilipokuja, ikahamia kwenye nyumba ya marehemu.

CD yenyewe ilianza kama chombo cha muziki. Philips na Sony waliiingiza sokoni mwaka 1982, na mwaka uliofuata zikaandikwa kanuni za kuhifadhi data za kompyuta humo. Flopi ndogo tuliyoizoea ilibeba MB 1.44. CD moja ilibeba MB 650, yaani flopi zaidi ya 450 ndani ya kisahani kimoja chembamba! Mwanzoni draivu za CD zilichomekwa kwenye kadi ya sauti au kwenye kadi maalumu ya gharama. Katikati ya miaka ya 1990 ukapatikana utaratibu wa kuziunganisha kwa waya uleule mpana wa hadi diski, wenye pini 40. Hapo ndipo draivu ya CD ikawa kitu cha kawaida.

Sisi tulichelewa, halafu tukakimbia

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Zuio lilikuja kulegezwa baadaye, na Bara tukaanza kuona vituo vyetu vya televisheni mwaka 1994. Sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003.

Linganisha hiyo miaka na ya CD. Wengi wetu tulipokutana na kompyuta kwa mara ya kwanza, CD ilikuwa tayari mfalme. Windows XP ya mwaka 2001 ilikaa kwenye CD moja, na fundi aliyekuwa nayo mfukoni alikuwa mtu wa heshima mtaani. Kebo ya kwanza ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilipitia sana satelaiti, ghali na ya kinyonga. Kwa hiyo programu, antivairasi, nyimbo na filamu vilisafiri kwa basi, vikiwa vimechomwa kwenye CD. Kiukweli, kwa miji kama Kagongwa, CD ndiyo ilikuwa intaneti.

Haikuwa ya kupokea tu. Kichomeo cha CD kilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kutoa kazi yake mwenyewe. Kwaya za makanisa, waimbaji wa Kisukuma, wapiga picha za harusi, wote waliingia kwenye CD, na baadaye kwenye VCD na DVD. Biashara ilikua hadi mwaka 2013 serikali ikaanza kutaka stempu za kodi zibandikwe kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Lakini diski ya harusi haikuwa na stempu wala nakala dukani. Ilichomwa nakala tano, sita, zikagawiwa kwa ndugu, basi.

Hizo ndizo ninazoziwazia. Filamu maarufu utaipata mahali pengine. Harusi ya mwaka 2005 haipo popote isipokuwa kwenye ile diski.

Ndani ya kitrei kuna leza mbili

Sasa tuje kwenye sayansi, maana ndiyo inayoeleza kichwa cha makala haya.

CD ya kiwandani ina vishimo vidogo vilivyogandamizwa kwenye plastiki, vikifuata njia moja ya kujizungusha kama konokono kutoka katikati kwenda nje. Ukiinyoosha njia hiyo, inafika kama kilometa 5. Mwanga wa leza unapita juu yake, unarudi kwa nguvu au hafifu, na tofauti hiyo ndiyo inageuzwa kuwa 0 na 1.

CD ya kuchoma haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kikemia. Leza ya kuandikia inaichoma rangi hiyo kwa joto, na sehemu iliyochomwa inarudisha mwanga tofauti. Kwa hiyo neno letu "kuchoma" ni sahihi kabisa kisayansi.

CD inasomwa kwa leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, ambayo jicho halioni. DVD ina data zilizobanana zaidi, hivyo inahitaji leza nyekundu ya nanomita 650. Tatizo ni kwamba rangi ya CD ya kuchoma hairudishi vizuri mwanga wa nanomita 650. Ndiyo maana draivu ya DVD hubeba leza mbili, moja ya DVD na nyingine ya CD.

Na leza mbili hazifi siku moja. Hapo ndipo unapata ile kesi inayowachanganya wengi: draivu inacheza DVD vizuri, lakini ukiweka CD inazunguka, inakoroma, halafu inakutemea. Mteja anaambiwa CD yake imekufa, anaitupa. Kumbe CD haina shida, iliyokufa ni leza.

Kesi ya shangazi

Shangazi yangu wa Kagongwa ana CD ya kwaya iliyorekodiwa mwaka 2005. Sauti nzito ya nyuma ni ya marehemu mume wake. Mwaka jana aliipeleka steshenari aiweke kwenye simu. Kompyuta ikaikataa.

"Mama, hii imeshakufa," kijana wa pale akamwambia.

"Mwanangu, jaribu tena. Mimi nyingine sina."

Tulipoweka DVD ya filamu, ikasoma mara moja. Tukaweka CD nyingine mbili, zote zikagoma. Kumbe mgonjwa hakuwa CD ya shangazi. Fundi akaleta draivu ya mtumba iliyochomolewa kwenye kompyuta nyingine, na kazi ikaisha ndani ya nusu saa.

Alizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache kumaliza umeme uliobaki. Akafungua ubavu wa kasha na kushika chuma chake kwanza, ili umeme tuli wa mwilini usiunguze mazabodi. Kisha akaangalia waya, na hapa ndipo penye kosa la wanunuzi wengi. Waya mpana kama utepe ni wa mtindo wa zamani wa pini 40. Mwembamba wenye pini 7 ni wa SATA, ulioanza kutumika mwaka 2003. Draivu ya mtindo mmoja haiingii kwenye waya wa mwingine, kwa hiyo fungua kasha uangalie kabla hujalipia spea. Kama ni ya pini 40, nyuma yake kuna kipini kidogo cha kuchagua iwe ya kwanza au ya pili kwenye waya. Kiache kama kilivyokuwa kwenye draivu ya zamani.

Baada ya hapo ni skrubu nne, unaisukuma draivu itokee mbele, unaingiza nyingine, unarudisha waya wa data na wa umeme. CD ya shangazi ikasoma. Nyimbo 2 kati ya 10 ziligoma, 8 zikaingia kwenye flashi na kwenye simu yake. Alisikiliza wimbo wa tatu akiwa amesimama palepale kaunta, hakuzungumza na mtu.

Kabla spea hazijaisha

Kwa mji wa kukoboa mpunga, adui wa kwanza wa draivu ni vumbi. Linatua kwenye lenzi, leza inalazimika kufanya kazi zaidi. Wakati mwingine draivu haijafa kabisa: lenzi inahitaji kufutwa taratibu kwa pamba na spiriti, au kamkanda ka mpira kanakosukuma kitrei kamelegea. Kitrei kikigoma kufunguka, kuna katundu kadogo mbele. Zima kompyuta, ingiza waya wa klipu ya karatasi ulionyooshwa, sukuma, kitatoka.

Diski nazo zinazeeka. Rangi ya CD ya kuchoma inaharibiwa na jua na joto, kwa hiyo usiiweke dirishani. Watu wengi wanalinda upande wa chini unaong'aa, lakini ulio dhaifu zaidi ni wa juu wenye maandishi, kwa sababu tabaka la data liko karibu kabisa na hapo. Chini kuna plastiki nene zaidi ya milimita 1, juu kuna rangi nyembamba tu. Usiandike kwa kalamu ya ncha kali, wala usibandue stika.

Viwandani mambo yanafungwa. Februari 2025 Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski zake za Blu-ray za kurekodia. Draivu za CD na DVD bado zinapatikana, hata za nje za kuchomeka kwa USB, ambazo zinafaa kwa mwenye kompyuta mpakato. Lakini zile za pini 40 unategemea mtumba, na mtumba hauzaliwi upya.

Kwa hiyo kama kabati la nyumbani kwenu lina CD za miaka ya 2000, anza na zile ambazo hazina nakala popote: harusi, misiba, kwaya, sauti za wazee. Zihamishe mwaka huu, weka nakala mbili sehemu mbili tofauti. Na fundi akikwambia CD imekufa, mwombe kwa upole aijaribu kwenye draivu nyingine kabla hujaitupa.