Kufunga redio si kuizima

Majuzi nilipanda matatu kutoka Bungoma kuelekea Kitale. Tulipofika Kamukuywa, mama mmoja aliyempakata mtoto mgonjwa alimfokea utingo: "We kijana, funga hiyo redio! Mtoto hajalala tangu jana." Utingo akaizima. Jirani yangu kitini akacheka kichinichini. "Mwalimu," akaniambia, "kwetu kazini ukiniambia nifunge redio, nachukua spana."

Kumbe ni fundi wa ndege. Alinisimulia kuwa alipokuwa mwanagenzi, msimamizi wake alimwambia, "Funga redio kabla hatujarudisha dari." Naye akabonyeza swichi. Msimamizi alitaka akaze kebo ya antena. Dari likarudishwa, na kesho yake rubani alipoijaribu redio ya setilaiti, kimya. Siku nzima ikapotea wakibandua dari upya.

Kisa hicho kilinikumbusha mjadala wetu wa kila mara: tuseme antena au eriali? Setilaiti au satelaiti? Historia inaonyesha kwamba nomino hazijawahi kutushinda. Ndege ilipofika kwetu, hatukuwa na haja ya kuhangaika. Tulimtazama ndege wa angani, basi. Anayeiendesha tukamwita rubani, neno la asili ya Kiarabu lililomhusu mwelekezi wa chombo baharini. Mlingoti uliobeba tanga la jahazi leo unabeba mitambo ya redio. Dira nayo ikapanda kutoka jahazini hadi mbele ya rubani. Kitale ni mbali na bahari, lakini ukisimama kando ya uwanja wake mdogo wa ndege unazungumza lugha ya mabaharia bila kujua.

Na antena je? Wapo wanaoiona kuwa neno geni mno. Katika Kilatini, antena ilikuwa ule mti wa kutundikia tanga, yaani foromali ya jahazi letu. Mawasiliano yasiyo ya waya yalipoanza mwishoni mwa karne ya 19, waya ulitundikwa juu ya mlingoti, na jina la baharini likahamia redioni. Wao walifanya vilevile tulivyofanya sisi.

Umbo la antena limebadilika sana tangu hapo. Ndege nyingi za zamani zilitandaza waya mrefu kutoka mgongoni hadi mkiani. Kisha ikaja setilaiti. Oktoba 1998 AfriStar ilirushwa angani na kampuni ya WorldSpace, iliyoasisiwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Redio zake zilikuwa na antena ndogo bapa. Huku kwetu uliielekeza juu, ikiinama kidogo upande wa magharibi, ukanasa matangazo kutoka umbali wa kilomita 36,000 hivi. Kampuni hiyo iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 2008, ila wazo la kunasa sauti kutoka angani halikufa.

Fundi wangu alinieleza kazi yenyewe kwa Kiswahili safi. Antena ya setilaiti huwekwa mgongoni mwa ndege ili ione anga. Bati hutobolewa, kisha huimarishwa kwa bamba la ndani lisije likapasuka. Chuma kigusane na chuma, rangi ikwanguliwe, halafu kingo zizibwe maji yasipenye. Kebo isikunjwe kwa pembe kali wala isiwe ndefu kupita kiasi, maana mawimbi hufika yakiwa dhaifu na kila mita huyapunguza. Tena kila tundu lina michoro na idhini yake. "Huwezi kutoboa ndege kama unatundika picha sebuleni," alisema.

Sikusikia pengo la nomino hata moja. Pengo lilikuwa kwenye kitenzi. Kufunga ni kukaza, ni kuziba, ni kutia kufuli, ni kusaumu, na kwa mazungumzo yetu ya Kenya ni kuzima. Tangu kamati ya kusanifisha Kiswahili ilipoundwa mwaka 1930, naona juhudi nyingi za istilahi zimekuwa za kuyapa mambo majina. Vitenzi tumeviacha vijitegemee. Lakini ajali haziletwi na majina. Zinaletwa na amri iliyoeleweka vibaya.

Dawa haihitaji neno jipya. Redio izimwe. Antena ifungwe mahali pake. Kebo iungwe, kisha ikazwe. Programu isakinishwe. Walimu wa vyuo vya ufundi wakizingatia vitenzi hivi vinne vitano, mwanagenzi hatabahatisha.

Tulipokaribia Kiminini mtoto alikuwa amelala. Utingo akanyoosha mkono kwenye redio, mama akamtolea macho. "Usiiwashe," akamwambia. Hapo hakuna aliyehitaji kamusi.