Nairuzi, bamvua na kazi zinazosubiri zamu kwenye programu yako

Vijana wengi wa huku kwetu, kutoka Ukunda mpaka Vanga, siku hizi tunaandika programu. Na nyingi ni za kukumbusha watu: chama kinachangwa lini, dawa inamezwa saa ngapi, maji yanakupwa saa ngapi. Swali ambalo wengi tunaliruka ni hili: hizo kazi zinazosubiri zamu unazipanga kwa muundo gani wa data? Mimi nasema jibu lina historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya pwani hii hii.

Tuanze na upande wa kompyuta. Mwaka 1979, Unix toleo la 7 lilikuwa na programu inaitwa cron. Ilikuwa ikiamka kila dakika, inasoma orodha yote, inafanya ya dakika hiyo, kisha inalala. Kwa mashine yenye kazi chache, hakuna shida. Lakini ukiwa na kazi 10,000, unasoma mistari 10,000 kila dakika hata kama hakuna kazi iliyofika.

Dawa moja ilikuwa tayari ipo. Mwaka 1964 J. W. J. Williams alichapisha hipu, yaani mti ambao kazi ya karibu zaidi hukaa juu kabisa. Huhitaji kusoma zote. Unatazama ya juu tu, unalala mpaka saa yake ifike. Kuongeza kazi mpya kati ya 10,000 ni hatua kama 14 tu, hata ikiwa mbaya.

Halafu mwaka 1988 Randy Brown akachapisha foleni ya kalenda. Wazo lake ni kama kalenda ya ukutani: kila siku ina ukurasa wake, na kazi ya mwaka ujao unaiandika kwenye ukurasa ule ule, zamu yake ikifika utaiona. Unafungua ukurasa, unaandika, basi.

Sasa hebu tugeuke nyumbani. Waswahili walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, unaoanza siku ya Nairuzi, ambao asili yake ni Uajemi. Kule Makunduchi, Unguja, bado unasherehekewa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Siku zake zilihesabiwa kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo: miongo 36, halafu siku 5 za kumalizia. Lini kupanda, lini kusafiri, vyote vilikuwa na mwongo wake. Ahmad ibn Majid, nahodha maarufu wa Oman wa karne ya 15, aliandika misimu ya safari za jahazi kwa siku za Nairuzi. Kwa hiyo mtu akiuliza kazi fulani iko lini, hakuna aliyeanza kuhesabu tangu mwanzo. Alienda moja kwa moja kwenye mwongo wake.

Sisemi wazee walivumbua kompyuta, hapana. Nasema walikuwa na tatizo lile lile, wakachagua muundo kwa kutazama kazi yenyewe. Misimu hurudi kila mwaka, kaskazi na kusi, kwa hivyo duara la mwaka liliwafaa.

Na lilikuwa na kasoro, tuwe wakweli. Mwaka wa Nairuzi hauna siku ya ziada kila miaka minne, kwa hivyo unarudi nyuma siku moja kila miaka minne hivi. Enzi za Ibn Majid Nairuzi iliangukia Novemba. Leo iko Julai. Ukiandika leo "pandeni siku ya 250" ukaacha hivyo, vizazi vya baadaye vitapanda msimu si wake. Muundo ulikuwa mwepesi, lakini saa ndiyo ilikuwa ikiteleza.

Halafu mvuvi wa Gazi au Msambweni ana kalenda nyingine kabisa. Yeye anafuata mwezi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na katikati ni maji mafu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Sasa wewe umemwekea mtafuta pweza kengele ya saa kumi na mbili asubuhi kila siku. Baada ya siku tatu nne kengele inalia mwamba uko chini ya maji. Huyo hatakuambia programu ina hitilafu. Ataifuta tu, na jirani yake hataiweka.

Kwa kazi yake, mimi nachagua hipu: weka kupwa kunakofuata tu, kengele ikilia piga hesabu ya kupwa kwingine, kirudishe ndani. Kwa chama chenye wanachama wengi na tarehe za mwaka mzima, foleni ya kalenda inafaa, ila uangalie: wote wakichanga tarehe 1, ukurasa mmoja unafurika na umerudi kwenye orodha ndefu uliyokuwa unaikimbia. Na kama una kumbusho 20 kwa simu moja, orodha ya kawaida yatosha, usijitese.

Kwa hivyo kabla hujanakili muundo wa mtu wa California, teremka pwani umuulize mvuvi siku yake inapimwa na nini. Yeye ndiye ataamka nayo hiyo kengele.