Gesi ya Ziwa Kivu na kukatika kwa umeme

Mwaka 1963 mtambo wa majaribio wa Rasi ya Rubona, Gisenyi, ulianza kukipelekea kiwanda cha bia cha Bralirwa methani ya Ziwa Kivu kwa ajili ya boila zake.

Kuivuta gesi hakuhitaji umeme mwingi. Bomba hushushwa hadi kwenye maji yaliyo chini ya mita 260, na pampu huyaanzisha. Yakipanda, mgandamizo hupungua, mapovu hutokea kama soda inapofunguliwa, kisha mchanganyiko huo mwepesi huendelea kupanda wenyewe hata pampu ikizimwa.

Udhaifu uko mbele zaidi. Gesi hiyo ina kaboni dayoksaidi nyingi, hivyo huoshwa kwa maji. Umeme ukikatika, pampu za kuoshea na kompresa husimama ilhali bomba bado linatoa gesi.

Tatizo kama hilo, la gesi kuendelea kutoka huku vifaa vya umeme vimesimama, lipo pia katika maabara yenye vichomeo vya gesi: humo kinachosimama ni feni za kutolea hewa chafu. Kwa hiyo vali kuu ya gesi inayoendeshwa kwa umeme hutakiwa kujifunga papo hapo, na isifunguke yenyewe umeme unaporudi: mtu akague kwanza koki ya kila kichomeo, kwani iliyoachwa wazi itajaza chumba gesi isiyowaka.