Giligilani Nyumbani: Namna ya Kuiotesha kwa Mbegu katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa na Taifa kwa uzalishaji wa mahindi. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 49.8 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani humo wana udumavu, wakati wastani wa kitaifa ni asilimia 30. Takwimu hizo zinaonesha kuwa ghala lililojaa nafaka halitoshi. Mlo wa kaya unahitaji mchanganyiko wa vyakula, zikiwemo mboga za majani, katika majira yote ya mwaka.

Bustani ya nyumbani ni mojawapo ya njia za kufikia lengo hilo, na giligilani ni zao jepesi la kuanzia. Huhitaji eneo dogo, na majani yake huanza kuvunwa wiki 6 hadi 8 baada ya kupanda. Kwa kuwa huliwa kwa kiasi kidogo, giligilani haiwezi kuziba pengo la lishe peke yake. Faida yake ni kuongeza ladha ya maharage, samaki na mboga nyingine, na kuizoesha kaya kutunza bustani.

Zao na mazingira yake

Giligilani ni mmea wa jamii moja na karoti. Katika maeneo mengi ya pwani na Zanzibar, majani yake mabichi hujulikana kama kotimiri, na nchini Kenya huitwa dhania. Hustawi katika hali ya hewa ya ubaridi. Joto likizidi au udongo ukikauka, mmea huharakisha kutoa shina la maua, majani huwa membamba na mavuno huisha mapema.

Kwa sababu hiyo, wakazi wa Manispaa ya Sumbawanga, Laela, Matai na maeneo mengine ya uwanda wa juu wana nafasi nzuri ya kulima zao hili kuliko wakazi wa Bonde la Ziwa Rukwa na mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako joto ni kubwa zaidi.

Wakati wa kupanda

Mvua za Rukwa hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Katika uwanda wa juu, mwezi Machi hadi Mei ni wakati mzuri wa kuanza, kwa kuwa udongo bado una unyevu na mvua kubwa zinapungua. Kuanzia hapo hadi Oktoba bustani hutegemea umwagiliaji. Anayepanda katikati ya masika ainue tuta ili maji yasituame. Katika maeneo ya bondeni, kama Muze na Mtowisa, inafaa kupanda Mei hadi Julai, joto linapopungua, na kuweka kivuli chepesi.

Mbegu na upandaji

Mbegu zinunuliwe katika maduka ya pembejeo, zikiwa na lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI). Mbegu zilizopakwa dawa zisitumike kama kiungo cha chakula. Punje nzima za sokoni zinaweza kuota iwapo hazijakaangwa wala kukaa muda mrefu. Ili kuzipima, punje 10 zifungwe katika kitambaa chenye unyevu; zikiota chache, zitafutwe nyingine.

Kila punje ina mbegu mbili ndani yake. Isuguliwe taratibu kwa kiganja hadi igawanyike, kisha ilowekwe katika maji safi usiku mmoja. Hatua za kupanda ni hizi:

1. Lainisha udongo na uchanganye na samadi iliyooza vizuri au mboji. Kufukia majani ardhini ili yaoze na kurutubisha udongo ni ujuzi ambao wakulima wa Ufipa wamekuwa nao kwa muda mrefu katika matuta yao ya mviringo.
2. Chora mistari yenye umbali wa sentimita 20 hadi 30, na fukia mbegu kwa kina cha sentimita 1 hadi 1.5.
3. Mwagilia kwa matone madogo na udumishe unyevu. Miche hutokeza kati ya siku 7 na 21. Wakati wa baridi ya Juni na Julai huchelewa, hivyo tuta lisifukuliwe mapema.
4. Punguza miche ibaki kwa umbali wa sentimita 5 hadi 10. Inayong'olewa huliwa.

Mbegu zipandwe moja kwa moja mahali pa kudumu, kwa kuwa mzizi mkuu huumia wakati wa kuhamisha miche. Asiye na uwanja atumie ndoo kuukuu au mfuko wenye matundu chini, wenye kina kisichopungua sentimita 20. Kupanda mstari mmoja kila baada ya wiki 2 au 3 huiwezesha kaya kuvuna mfululizo.

Matunzo na usalama wa chakula

Matandazo ya nyasi kavu hupunguza upotevu wa maji yanayokaushwa na jua na upepo wa kiangazi. Maji yakizidi, miche hushambuliwa na kinyausi na kuanguka. Sota waokotwe kwa mkono jioni, na vidukari waoshwe kwa maji.

Kwa kuwa majani haya huliwa mabichi katika kachumbari, samadi mbichi na maji machafu visitumike, na majani yaoshwe kwa maji safi na salama kabla ya kuliwa, ili kuepuka magonjwa ya kuhara.

Kuvuna na kuhifadhi mbegu

Majani ya nje yakatwe kwanza, na ya katikati yaachwe yaendelee kukua. Kwa ajili ya mbegu, ichaguliwe miche yenye afya iliyochelewa kutoa maua, kwa kuwa inayowahi huelekea kurithisha tabia hiyo. Punje zikibadilika rangi kuwa kahawia, kwa kawaida baada ya miezi 3 hadi 4, mashina yakatwe, yakaushwe kivulini na punje zihifadhiwe katika chombo kikavu chenye mfuniko.

Wananchi wanaohitaji ushauri zaidi wanahimizwa kuwasiliana na Afisa Ugani wa kijiji, mtaa au kata yao.