Teknolojia katika Huduma ya Nyumba ya Wote: Malezi ya Vijana juu ya Mazingira, Buzuruga, Mwanza

Malezi ya vijana juu ya utunzaji bora wa mazingira ni huduma ya kijamii ambayo Mama Kanisa ameihimiza kwa namna ya pekee tangu Baba Mtakatifu Fransisko alipotia saini Waraka wa Kitume “Laudato si'”, tarehe 24 Mei 2015. Huduma hiyo, ikipangwa vema, ni pia shule ya teknolojia. Kijana anayepima maji, anayeandika alichopima na kuchora ramani ya mtaa wake hujifunza kutumia simu na kompyuta kwa ajili ya jirani. Katika makala haya tunaeleza msingi wa malezi hayo, mifano yake katika historia, na namna vijana wetu wa Buzuruga wanavyoweza kuyatekeleza.

Msingi katika mafundisho ya Kanisa

Kitabu cha Mwanzo (2:15) chatufundisha kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima kwahitaji zana. Kutunza kwahitaji dhamiri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2293) inazitambua sayansi na teknolojia kuwa hazina pale zinapowekwa katika huduma ya mwanadamu na maendeleo yake fungamani. Katekisimu hiyohiyo (namba 2415) inaweka heshima kwa uumbaji chini ya Amri ya Saba. Ndiyo kusema, anayeharibu maji ya wote anawanyang'anya wenzake, na hata watoto ambao bado hawajazaliwa.

“Laudato si'” (namba 112) inakumbusha kwamba mwanadamu anao uhuru wa kuielekeza teknolojia kwenye maendeleo yenye utu zaidi. Namba 211 inaonya kwamba elimu ya mazingira inayoishia kwenye kutoa taarifa haijatimiza lengo, kwani inapaswa kuzaa fadhila na matendo madogo ya kila siku.

Padre aliyeshusha sahani baharini

Kipimo kinachotumika hadi leo kupima uangavu wa maji ya maziwa na bahari kilitokana na kazi ya Padre Angelo Secchi, Myesuiti na mwanafalaki wa Chuo cha Roma (1818–1878). Mwezi Aprili 1865, akiwa ndani ya meli ya Kipapa, alishusha sahani nyeupe katika Bahari ya Mediteranea na kuandika kina ambacho sahani hiyo ilitoweka machoni. Sahani ya Secchi itumikayo ziwani leo ina kipenyo cha sentimita 20, nayo hupakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa robo zinazopishana.

Chombo hiki hakihitaji umeme wala bando, lakini kimetueleza jambo zito kuhusu ziwa letu. Katika miaka ya 1920 watafiti waliiona sahani hadi kina cha mita 7 hadi 8 katika maji ya wazi ya Ziwa Victoria. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ikitoweka kabla ya kufika mita 3. Sababu kubwa ni rutuba iliyozidi: mbolea, udongo unaosombwa na mvua, na maji taka hulisha mwani, nao mwani hulitia ziwa ukungu wa kijani. Mabadiliko hayo yalijulikana kwa sababu wako waliopima, wakaandika, na wengine wakarudi kupima tena. Hapo ndipo lilipo somo la kwanza la teknolojia kwa kijana: chombo hupata thamani kwa uaminifu wa anayekitumia.

Mifano kutoka Dar es Salaam

Mwaka 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana jijini Dar es Salaam na mtafiti Jane Goodall, na kutokana na mkutano huo ukaanzishwa mpango wa vijana uitwao Roots & Shoots, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi. Msingi wake ni kwamba vijana wenyewe watambue tatizo la mahali pao na kuchagua tendo la kulitatua.

Mfano wa pili ni Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko, walitembea mtaa kwa mtaa wakiwa na simu na vipokezi vya GPS. Waliandika mitaro, madaraja na makaravati, na wakawasikiliza wenyeji wanaojua maji hufika wapi mvua inaponyesha. Taarifa hizo ziliwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuiongezea bila malipo. Kwa njia hiyo, mwanafunzi alijifunza elimu ya ramani, na mkazi akatambuliwa kuwa mjuzi wa mahali pake.

Buzuruga: mambo matatu yanayowezekana

Buzuruga ni kata ya Manispaa ya Ilemela, yenye stendi na biashara nyingi. Mwanza ni jiji la vilima na mawe: mvua ikinyesha, maji hushuka kwa kasi, na taka zilizotupwa mitaroni huelekea ziwani, ambako jiji huchota maji ya kunywa na wavuvi hupata riziki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio vingali tatizo. VIWAWA, TYCS na vijana wengine wa parokia wanaweza kuanza na mambo matatu.

Kwanza, ramani ya mitaro. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tayari zimepangwa kwa kufuata ujirani. Basi kila jumuiya ichukue mitaro ya eneo lake, na vijana wake waandike kwa simu mahali palipoziba, aina ya taka iliyoziba, na tarehe. Taarifa za jumuiya zote ziunganishwe katika jedwali moja la kompyuta.

Pili, kipima mvua. Chombo chenye kuta zilizonyooka na rula vyatosha. Milimita 1 ya mvua katika eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hivyo paa la mita 50 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, hupokea lita 1,000. Kwa hesabu hiyo kijana ataelewa kwa nini mtaro hufurika, na kwa nini tangi chini ya paa ni msaada kwa familia na kwa jirani anayeishi bondeni.

Tatu, sahani ya Secchi. Ikatwe kwenye bati, ifungwe uzito chini, na kamba itiwe alama kila sentimita 10. Ishushwe kutoka kwenye mtumbwi, upande wenye kivuli, karibu na saa sita mchana. Kiandikwe kina inapotoweka na kina inapoonekana tena wakati wa kuivuta. Wastani wa vipimo hivyo viwili ndio jibu. Kazi hii irudiwe kila mwezi, mahali palepale.

Mambo ya kuzingatia

Usalama wa vijana utangulie. Wanaokwenda ziwani waongozwe na watu wazima waliokubaliwa na parokia na wazazi, wavae maboya, na wasiingie majini, kwa sababu kichocho bado kipo katika mwambao wetu. Wanaokagua mitaro wavae glavu na viatu vilivyofunika miguu. Nyuso za watu na nyumba zao zisipigwe picha bila ridhaa.

Pia haki izingatiwe. Ramani ya taka ikichorwa bila upendo yaweza kuwa hati ya kuwashitaki maskini. Wako wanaoishi juu ya mawe, mahali ambapo gari la taka halifiki. Kwa hiyo ramani ionyeshe pia mahali pasipo na kizimba cha taka wala njia ya kuzitoa. Kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa kwa pamoja.

Hatimaye, taarifa zirudi kwa wenye mtaa. Zisomwe katika jumuiya, zijadiliwe katika Halmashauri Walei, na zipelekwe kwa wenyeviti wa mitaa na mtendaji wa kata kwa heshima na kwa maandishi. Taarifa ikibaki ndani ya simu, jirani hajahudumiwa.

Kipindi cha Kazi ya Uumbaji huanza kila tarehe 1 Septemba na kuhitimishwa tarehe 4 Oktoba, Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Tunawaalika walezi wa vijana kukitumia kuandaa vifaa na kugawana mitaro, ili mvua za vuli zitakapoanza, vipimo vya kwanza viwe tayari kuandikwa.